Ulingo na Mwano

Katika Ushetu, nchi ya tumbaku na pamba iliyo magharibi ya mji wa Kahama, kandokando ya ukanda wa dhahabu unaotoka Geita ukapita Bulyanhulu, kijana wa kiume huweza kuyajua mapigano ya namna mbili kabla hajapata mke. Namna ya kwanza huiona katika vibanda vya video vya vituo vya wachimbaji wadogo, ambamo jioni, makarasha ya kusagia mawe yakisha kunyamaza, watu hulipa kiingilio wakatazama mabondia wakigombea mkanda, au mashujaa wa filamu za Kichina wakiruka juu ya mapaa. Na ikiwa ana nguvu na shauku, huweza siku moja kuvaa glavu mwenyewe akajipima na mwenziwe wa uzito wake. Namna ya pili haina kiingilio wala watazamaji. Hupigwa mwano usiku, yowe la hatari ambalo kila nyumba hulipokea na kulipeleka mbele, na kila mwanamume mwenye afya hutakiwa atoke na upinde wake, mishale yake na filimbi yake, azifuate nyayo za ng'ombe walioibwa hata zitakapokomea.

Mwili hufanya kazi ile ile katika hali hizi mbili. Miguu hukimbia, pumzi hupimwa, jicho hujifunza kuitazama mikono ya mtu bila ya kuisahau miguu yake, na hofu iliyomo kifuani ni hofu moja. Ndiyo sababu watu wengi, wasomi kwa wasiosoma, huyahesabu mapigano yote kuwa jamii moja, na mtu akiuliza ni nini kinachoitenga sanaa ya mapigano na mchezo wa mapigano, hujibiwa kwamba ya kwanza ni ya kale na wa pili ni wa kisasa, au kwamba ya kwanza huvaliwa nguo nyeupe na mshipi, na wa pili kaptura na glavu. Majibu haya ni mepesi, nami siyaridhii. Mieleka ni ya kale kuliko mitindo yote ya karate, na ni mchezo. Jeshi la jadi la sungusungu, hao waitikiao mwano, kwa sura tunayoijua leo, lina umri wa miaka arubaini na ushei tu, wala si mchezo hata kidogo. Jibu la hatari nalo halitoshi, kwa kuwa wako mabondia waliofia ulingoni, ilhali walimu wengi wa karate wamekufa vitandani mwao wakiwa wazee wenye wajukuu.

Mimi naona kuwa tofauti imo katika mahali akaapo mwamuzi. Mchezo wa mapigano humweka mwamuzi nje ya wapiganaji, akavishwa shati la kumtambulisha, akapewa kengele, saa na uwezo wa kusimamisha. Sanaa ya mapigano haina budi kumweka mwamuzi ndani ya mpiganaji mwenyewe, kwa sababu mahali inapotumika hapana kengele. Jambo hili likikubaliwa, mengi hufuata, na baadhi yake ni mazito.

Tuutazame ulingo kwanza, na tuutazame kwa insafu, maana wako wanaoitukuza sanaa kwa kuudharau mchezo, na dharau hiyo haina haki. Kanuni zilizochapishwa London mwaka 1867 kwa jina la Marquess wa Queensberry ziliamuru glavu, raundi za dakika tatu, mapumziko ya dakika moja, na hesabu ya sekunde kumi kwa aliyeangushwa. Uzuri wa mpango huo, nao ni uzuri wa kweli, ni kuwa haumtaki bondia awe mtu mwema ili pambano liwe la haki. Aweza kuingia ulingoni na husuda, na tamaa ya fedha, na chuki ya miaka mingi juu ya mpinzani wake. Akipiga chini ya mkanda huonywa, akimpiga aliyeanguka huondolewa, na kengele ikilia hupasa kuishusha mikono hata kama moyo wake ungali unawaka. Haki ya pambano hulindwa na mtu wa tatu. Bondia wetu Titus Simba alipopata nishani ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh mwaka 1970, na Michael Yombayomba alipopata ya dhahabu huko Kuala Lumpur mwaka 1998, hakuna aliyeuliza ni nini kilichokuwamo nyoyoni mwao. Iliulizwa tu kama walishinda kwa sheria, taifa likafurahi, na furaha ile ilikuwa halali yake.

Walakini wanazuoni wa dini waliuliza swali ambalo mwamuzi wa ulingoni hana kazi nalo. Mwaka 1987 Baraza la Fiqhi la Rabita ya Ulimwengu wa Kiislamu lilikutana Makka likatoa hukumu kwamba ndondi, kama zinavyochezwa katika mashindano ya zama zetu, ni haramu, kwa kuwa zimesimama juu ya kumhalalishia kila mmoja kumdhuru mwenziwe madhara yawezayo kufika upofu, kuharibika ubongo, au mauti, na aliyeua asidaiwe kitu. Nyuma ya hukumu hiyo yako mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ya kuuepuka uso katika kupigana. Msomaji huenda akasema kuwa wanazuoni hawa hawapendi nguvu. La, hawakuichukia nguvu. Katika masimulizi ya sira, Mtume mwenyewe alishindana mieleka na Rukana, mtu mwenye nguvu mashuhuri wa Makureshi, akambwaga. Waliloliangalia wanazuoni ni nia: katika mieleka ile ilitafutwa nguvu ijulikane, na katika ndondi hutafutwa mwenzio azimie.

Katika Ukristo njia ile ile ilipitwa mapema zaidi. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba tendo moja la kujilinda laweza kuwa na matokeo mawili, la kuhifadhi roho ya mwenye kujilinda na la kufa kwa mwenye kushambulia, na kwamba la kwanza likusudiwapo na la pili lisipokusudiwa, tendo hilo laweza kuwa halali. Lakini akaweka sharti kubwa, kwamba mwenye kujilinda akitumia nguvu zaidi ya ilivyohitajiwa, uhalali wake unaporomoka. Sharti hilo nalipenda kuliko mafundisho mengine yote juu ya jambo hili, kwa sababu laleta swali ambalo mtu hawezi kujibiwa na mwingine: nguvu iliyohitajiwa ilikuwa kiasi gani, na nani alikuwako wa kuipima? Usiku, porini, mbele ya mtu mwenye panga, hayuko. Yuko mwenye upinde peke yake.

Na hapa ndipo tunaporudi Ushetu. Vikundi vya sungusungu vilizuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nchi za Kahama na Nzega, wakati wizi wa ng'ombe na unyang'anyi wa njiani ulipozidi, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 kusambaza bunduki katika mikono isiyostahili, na wakati wananchi walipokwisha kukata tamaa kwamba polisi na mahakama zitawarudishia mali yao. Wanavijiji walijipanga wenyewe. Walimchagua mtemi wao wa sungusungu, wakaweka viongozi chini yake, wakaapishana, na kila mwanamume akawajibika kuwa na upinde na mishale. Kutoka huko mpango ulienea Usukuma na Unyamwezi kote, ukafika na mikoa mingine, na mwaka 1989 Bunge likatunga sheria iliyoviunganisha vikundi hivi na utaratibu wa mgambo na kuvipa uwezo wa kukamata.

Nchi hii ilikuwa imekwisha kuona hapo kale silaha zisizo na adabu. Rugaruga, askari wa karne ya 19 ambao mtawala Mirambo wa Urambo aliwakusanya na kuwatisha kwao majirani hata alipofariki mwaka 1884, walikuwa hodari wa bunduki na mkuki, lakini uhodari wao ulilipwa kwa nyara, na mtu alipwaye kwa nyara hana sababu ya kusimama. Waasisi wa sungusungu, nadhani, walijua hatari hiyo, kwa kuwa mambo mengi waliyoyaweka hayahusu kulenga shabaha. Yahusu kujizuia. Mwizi aliyekamatwa hupelekwa mbele ya dagashida, baraza la watu, asikilizwe. Akitiwa hatiani hutozwa mchenya, faini ya mbuzi au ng'ombe. Na aliye mkaidi hutengwa, asisalimiwe, asiuziwe, asipewe hata moto wa kuwashia jiko lake, mpaka atakapotii. Atakayeukataa mwano akalala nyumbani wakati wenziwe wanakimbia gizani, yeye naye hupatwa na adhabu hiyo. Tazama basi jinsi watu wasiosoma kitabu cha falsafa walivyojaribu kumtengeneza yule mwamuzi asiyekuwako porini: walimtengeneza kwa kiapo, wakamtia katika nafsi ya kila mmoja, kisha wakamwekea baraza la kumkumbusha kesho yake asubuhi.

Ningependa kusema kwamba walifaulu. Walifaulu kwa sehemu, na njia ambazo hazikupitika zikapitika, na mazizi yakajaa tena. Lakini mahali pengine mwamuzi wa ndani alilala, na alipolala, mikono iliyofunzwa kukimbiza wezi iligeukia watu wasioweza kukimbia. Watuhumiwa walipigwa kabla ya kusikilizwa, wengine walikufa. Na lililo chungu kuliko yote, wako sungusungu waliojiingiza katika kuwasaka watu waliodhaniwa wachawi, katika nchi ambayo wanawake wazee waliuawa kwa mapanga, wengi wao wakishukiwa kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyogeuzwa rangi na moshi wa jiko la kuni na la kinyesi cha ng'ombe, jiko ambalo kwalo waliwapikia watoto na wajukuu miaka hamsini au sitini. Siwezi kuliandika jambo hili upesi na kulipita. Mwanamke mzee asiye na mume, ambaye watoto wake wako machimboni Geita au wamezikwa, hukaa mlangoni pake akisikia filimbi inakaribia, na filimbi hiyo iliundwa imlinde. Hana pa kupeleka mwano wake, kwa maana waitikiao mwano ndio hao waliosimama uani.

Mwenye kutaka kuijua tofauti ya sanaa na mchezo na apatazame hapo. Bondia akikosa adili, mchezo wake huendelea kuwa mchezo, kwa vile mwamuzi na kengele bado wako, na hasara ya ubaya wake haitoki nje ya kamba. Mwenye silaha wa usiku akikosa adili, sanaa yake hugeuka papo hapo ikawa kitu kingine, ingawa upinde ni ule ule na shabaha ni ile ile. Kwa hiyo adili si pambo la sanaa ya mapigano, lililoongezwa na walimu wapendao kusema maneno mazuri. Ni kiungo chake. Sanaa iliyopoteza kiungo hicho haiwi sanaa mbaya. Haiwi sanaa kabisa. Iko hadithi sahihi ambayo Waislamu huwafundisha watoto wao, isemayo kwa maana yake kwamba mwenye nguvu hahesabiwi kwa kuwabwaga watu bali kwa kuimiliki nafsi yake anapoghadhibika, nami kwa muda mrefu niliisoma kama nasaha ya upole tu. Sasa naiona kuwa ni maelezo kamili ya fani: nguvu ya pili ndiyo inayoipa nguvu ya kwanza haki ya kuwako.

Wajapani waliyafikiri haya kwa bidii kubwa, na kwa sababu hiyo historia yao yastahili kutajwa hapa. Jigoro Kano alipofungua shule yake ya Kodokan mwaka 1882 alizichukua mbinu za kale za jujutsu, akayatoa yaliyokuwa ya kuua na kuvunja katika mazoezi ya kushindana, akaifanya judo kuwa malezi ya mwili na tabia. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka karate kutoka Okinawa hadi Japani bara, alifundisha kwamba mwanakarate haanzi yeye kushambulia, na aliyachukia mashindano ya karate mpaka mwisho wa maisha yake. Alikufa mwaka 1957, na mwaka huo huo wanafunzi wa shule yake wakafanya mashindano makubwa ya taifa. Sisemi kwamba walimsaliti. Kijana asiyejaribiwa hajui kama ajizuia kwa hiari au kwa woga, na mashindano yana msaada wake katika kumjulisha. Karate ilifika kwetu pia, ikaota mizizi Dar es Salaam katika miaka ya 1970, na hata sasa wako wanaoifuata kama ibada na wanaoifuata kama njia ya kupata kikombe, na pengine humo humo katika ukumbi mmoja.

Lakini hebu tulitafakari lililotokea Tokyo tarehe 7 Agosti 2021, karate ilipokuwa mchezo wa Olimpiki kwa mara ya kwanza. Katika fainali ya wanaume wazito, Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akiongoza kwa pointi 4 kwa 1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Irani, akampiga teke la juu lililompata shingoni, na Ganjzadeh akaanguka amezimia. Waamuzi walishauriana, kisha yule aliyesimama akaondolewa mashindanoni kwa kupiga kwa nguvu kupita kiasi, na yule aliyebebwa kwa machela akawa bingwa. Wengi wa watazamaji walikasirika, wakaona kuwa ni upuuzi kumnyima ushindi aliyempiga mwenziwe akazimia, kwa kuwa katika ndondi hilo ndilo ushindi wenyewe. Mimi naona kuwa hukumu ile ilikuwa nuru. Karate, hata ilipovikwa nguo za mchezo, ilikuwa bado imebakiza kumbukumbu ya sharti lile la Thomas, kwamba nguvu iliyozidi haja huufuta uhalali. Ila kwa kuwa lilikuwa shindano, sharti hilo lilipaswa kutamkwa na watu wa nje. Teke lile lingepigwa na mtu ambaye mwamuzi wake amekaa ndani, lingesimama kabla ya kufika. Na simlaumu Hamedi, kijana aliyeiona dhahabu karibu na mkono wake; nasema tu kwamba jambo lililotakiwa kwake lilikuwa gumu kuliko kushinda.

Kuna pingamizi moja ambalo sina budi kulijibu, nalo ni kwamba wachezaji wengi wana adili kuliko wanaojiita mabwana wa sanaa. Ni kweli tupu. Mwaka 1964, judo ilipoingia Olimpiki huko huko Tokyo, Anton Geesink wa Uholanzi alimshinda Akio Kaminaga mbele ya Wajapani waliokuwa wakilia, na Waholanzi wenziwe walipotaka kukimbilia mkekani kushangilia, yeye, akiwa bado amembana mshindwa, aliinua mkono akawazuia. Hakuna kifungu cha sheria kilichomwamuru afanye hivyo. Kwa dakika ile hakuwa mchezaji tu, alikuwa na mwamuzi wake mwenyewe. Na hapa yatudhihirikia kwamba mpaka ninaouzungumzia haupiti kati ya majengo, wala kati ya jina la judo na jina la ndondi. Wapita ndani ya mtu, na bondia wa Kahama aweza kuwa upande mmoja wa mpaka huo na mwalimu wa karate akawa upande wa pili.

Yako pia mapigano ambayo hayamo upande huu wala ule, kama yale ya sherehe ya Mwaka Kogwa, Makunduchi, Unguja, ambako kila mwaka wanaume hupigana hadharani kwa vikonyo vya migomba ili kinyongo cha mwaka uliopita kiishe. Hapatangazwi mshindi. Nayataja kwa kuwa yananikumbusha kwamba wazee wetu wa pwani waliona kuwa hasira haitibiwi kwa kuzuiwa tu. Hupewa pahala pake, na silaha isiyoua, na siku yake, kisha watu wakarudi kula pamoja.

Linalonishughulisha kwa Ushetu ni utaratibu wa malezi. Kijana aliyekaa miaka katika maduara, yaani mashimo ya dhahabu, mahali ambapo watu hugombana kwa mfuko wa mawe na aliyenyang'anywa hana pa kushitaki, akirudi kijijini huandikishwa zamu ya usiku kama wengine, apewe filimbi, aambiwe akimbie. Yeye hajawahi kuwa chini ya mwamuzi wa aina yoyote. Kwa mtu huyu naona kwamba ulingo ungemfaa kwanza: ajifunze kuishusha mikono kwa kengele ya mtu mwingine, ashindwe mbele ya macho ya watu, amshike mkono aliyemshinda. Mchezo, kwa maana hiyo, ni shule ya chini ya sanaa, na haipasi kuirukia ya juu. Viongozi wa sungusungu huuliza kama mtu ana upinde. Sijasikia mahali wanapouliza alifanya nini mara ya mwisho aliposhindwa.

Na wako wanaoweza kuuliza. Bondia humaliza kazi yake angali na nguvu, miaka thelathini na mitano au arubaini, na baada ya hapo hutunzwa kwa kumbukumbu ya mapambano yake. Funakoshi alikufa ana umri wa miaka themanini na minane na mazoezi yake yalikuwa hayajakoma. Katika dagashida la kijiji hukaa mzee ambaye mabega yake hayawezi tena kuvuta upinde, na macho yake hayauoni mti ulio ng'ambo ya shamba la tumbaku. Mbele yake huletwa kijana aliyekamatwa na ng'ombe wa watu, damu inamtoka puani, na waliomkamata wangali wanahema, na baadhi yao wanataka wamalize walichokianza njiani. Mzee huwaambia waketi. Huuliza ni nani aliyeziona nyayo, zilianzia zizi lipi, na mtuhumiwa mwenyewe ana neno gani. Kisha huwasikiliza wote mpaka mwisho, mmoja baada ya mmoja, wakati jua linapanda, na mishale imelazwa chini.